Dawa za kuzibua mabomba: majibu kwa maswali ya wasomaji

Wasomaji walioniandikia kuhusu dawa hizi wengi wanauliza wamimine kiasi gani, na wachache mno wanauliza bomba limezibwa na nini. Hilo la pili ndilo linaloamua kama dawa itasaidia au itakuachia bomba lililojaa sumu, kwa hiyo ndilo ninaloanza nalo.

Je, dawa hizi zote si ni zilezile? Nichague ipi kwa sinki la jikoni?

Si zilezile hata kidogo, na kinachozitofautisha ni kile kilichoandikwa kwenye lebo wala si picha iliyo juu ya chupa. Kundi la kwanza ni la alkali kali, na kiungo chake kikuu ni haidroksaidi ya sodiamu, ile ambayo wengi huiita kostiki soda. Ikikutana na mafuta yaliyoganda hugeuza sehemu yake kuwa sabuni inayoweza kubebwa na maji, na nywele nazo huziyeyusha polepole. Baadhi ya dawa za maji za kundi hili huongezwa hipokloriti, yaani kemikali ileile iliyomo katika dawa ya kupaushia nguo. Kundi la pili ni la asidi, hasa asidi ya salfuriki iliyokolea, ambayo kwa maoni yangu haifai kushikwa na mtu asiye fundi aliyezoea kuitumia. Kundi la tatu ni la vimeng'enya na bakteria, ambavyo hula uchafu taratibu kwa saa nyingi, aghalabu usiku kucha, na haviunguzi ngozi wala bomba.

Sinki la jikoni huzibwa zaidi na mafuta. Ikiwa maji bado yanapita, ingawa kwa kusuasua, vimeng'enya vyatosha kabisa, mradi usivimiminie maji yanayochemka wala dawa ya kupaushia, kwa kuwa vyote viwili huviua. Alkali iwe hatua ya baadaye. Na kama kilichoingia ni kijiko, kitambaa au kipande cha plastiki, hakuna dawa ya dukani itakayokiondoa. Weka ndoo chini ya sinki, fungua kile kiwiko cha bomba na ukitoe kwa mkono.

Nilimimina dawa jana, lakini maji bado yamesimama. Niongeze ya aina nyingine, au nisukume kwa pampu ya mpira?

Tafadhali usifanye lolote kati ya hayo mawili. Nalijibu kwa urefu kwa sababu madhara mengi hutokea hapa, pale mtu alipokwisha kukata tamaa na dawa ya kwanza ingali imelala ndani ya bomba.

Asidi ikimiminwa juu ya alkali, joto hupanda ghafla kiasi cha kuyachemsha maji yaliyomo, na mchanganyiko huo hurushwa juu kupitia tundu lilelile ambalo umeliinamia. Ikiwa dawa ya kwanza ilikuwa na hipokloriti, asidi huifanya itoe gesi ya klorini, ambayo ndiyo iliyotumiwa kama silaha karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Si lazima asidi hiyo iwe dawa ya kuzibulia, maana visafishio vingi vya choo vina asidi ya haidrokloriki, na hata siki ni asidi. Visafishio vyenye amonia navyo, vikichanganyika na hipokloriti, hutoa gesi zinazochoma mapafu. Klorini ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini katika vyumba vidogo kama bafu. Ukisikia harufu kali inayokata pumzi, toka kwanza na uwatoe wengine. Usirudi ndani eti ufungue maji.

Pampu ya mpira nayo hurusha kemikali usoni. Matumizi yake ni kabla ya dawa, kamwe si baada ya dawa.

Kwa hali yako, yaache maji yalivyo, fungua madirisha, wazuie watoto wasiingie, kisha umwite fundi bomba na kumwambia waziwazi jina la dawa, kiasi ulichomimina na saa uliyoimimina. Fundi asiyeambiwa atafungua kiwiko kwa mikono mitupu, na maji hayo yatamteremkia mikononi.

Mabomba yetu ni ya plastiki. Je, nisaidie dawa kwa maji yanayochemka?

Hapana. Mabomba ya plastiki ya aina ya PVC huanza kupoteza ugumu wake joto linapozidi takriban nyuzi 60 za Selsiasi, na kostiki soda yenyewe hutoa joto jingi inapoyeyuka, hivyo ukiongeza maji yanayochemka unaweza kulegeza viungo vya bomba. Tumia maji ya baridi, isipokuwa lebo iseme vingine. Chembechembe kavu zina hatari yake ya pekee: zikimiminwa nyingi mno katika maji machache, huganda ndani ya kiwiko zikawa gumu kama jiwe, na kizuizi hicho kipya ni kibaya kuliko cha kwanza.

Je, naweza kuitumia chooni?

Ikiwa lebo haitaji choo, usiitumie. Joto linaweza kupasua kauri ya bakuli, na vinavyoziba choo kwa kawaida ni karatasi nyingi, nepi au taulo za hedhi, ambavyo dawa haiviondoi. Tumia pampu au waya mrefu wa kuzibulia.

Nivae nini, na nifanye nini ikinirukia?

Vaa miwani ya kinga inayofunika macho pande zote, nguo ya mikono mirefu, viatu vilivyofunika miguu, na glovu ndefu za mpira ambazo umekunja pindo zake kwa nje, ili tone linaloteremka unapoinua mkono lisikutiririkie hadi mkononi juu ya glovu. Alkali ina hila moja: mwanzoni huenda isiume. Ukihisi vidole vinateleza kana kwamba vina sabuni, jua kwamba ni mafuta ya ngozi yako yanayogeuzwa sabuni, nawe umekwisha kuanza kuungua.

Pangusa kwanza chembechembe kavu, vua nguo zilizolowa, kisha suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20. Jicho lisuuzwe vivyo hivyo huku kope zikiwa zimeachanishwa, na majeruhi apelekwe hospitali bila kuchelewa. Usipake siki kwa nia ya kuizima alkali, kwa kuwa mkutano wa vitu hivyo viwili huongeza joto juu ya kidonda. Aliyemeza asitapishwe, kwa maana dawa inayorudi juu huunguza koo mara ya pili. Asukutue mdomo, na awahishwe hospitali pamoja na chupa yenyewe ili daktari aisome.

Je, itaharibu shimo letu la maji taka?

Shimo hilo hutegemea bakteria, na alkali, asidi na hipokloriti zote huwadhuru. Kiasi kidogo cha mara mojamoja huchujuka katika maji mengi, lakini mazoea ya kila mwezi hayafai. Hapa vimeng'enya ndivyo chaguo bora.

Iliyobaki niiweke katika chupa ya maji ya kunywa?

Kamwe usifanye hivyo. Iache katika chombo chake chenye lebo na kifuniko kigumu kwa mtoto, mahali pakavu palipofungwa kwa ufunguo, mbali na asidi na mbali na vyombo vya alumini. Chembechembe nyingine huwa zimechanganywa na vipande vidogo vya alumini, na zikipata unyevu hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto kwa urahisi. Kopo la namna hiyo likionekana limevimba, usilifungue wala kulisogeza karibu na jiko. Waulize wahusika wa taka hatari au zimamoto namna ya kuliondoa.