Kwa wazazi wapya wa kwaya, kabla Majilio hayajaingia

Krismasi ya mwaka 2009, binti yetu mkubwa akiwa na miaka miwili, tulimaliza wimbo wa Utukufu pale Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana la Mji Mkongwe, Unguja, mwalimu akafunga ngumi kukata sauti, kanisa likanyamaza. Katikati ya ukimya ule ikasikika: "Baba, mkojo!" Dari ya kanisa lile ni ya mawe, imepinda kama mtumbwi uliofudikizwa, na neno likisemwa chini hupanda, likazunguka, ndipo likashuka. Mkojo ulirudi mara mbili. Wenzangu wa bezi, sauti nzito ya chini, waliinamia karatasi za nota, mabega yanawatetemeka, nami nikatoka na mtoto kwapani.

Nakuandikia wewe uliyeingia kwaya mwaka huu ukiwa na watoto wadogo. Juzi mazoezini nimekuona umekaa mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, kama mtu anayeomba radhi kwa kuzaa. Sogea ndani. Tuliopo mbele nasi tulipitia mlango huohuo.

Mimi ni mpishi wa hoteli huko kaskazini. Nilikuja Unguja kutoka Muheza mwaka 2006, na kama nawe umeletwa na kazi hizihizi unajua Disemba ilivyo: wageni wamefurika, likizo hakuna, ratiba ya shifti inabandikwa Jumapili usiku na mazoezi ni Jumanne na Alhamisi. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa namjibu mwalimu wa kwaya "nitajitahidi". Neno hilo limeharibu nyimbo nyingi kuliko sauti mbovu. Mwalimu anakuhesabu, anapanga bezi wanne, siku yenyewe ikifika mko wawili. Sasa hivi ukiingia mwezi wa kumi namwandikia kikaratasi: Jumanne siji, Alhamisi nakuja na watoto, mkesha nipo, asubuhi naingia kazini. Hajawahi kuninunia. Mwalimu wa kwaya anaweza kumtumia mtu wa nusu. Anayemshinda ni mtu wa labda.

Pengo la mazoezi utaliziba nyumbani. Mwombe mwenzako mwenye sikio akuimbie sauti yako peke yake, umrekodi kwa simu. Mimi rekodi hiyo huiwasha wakati wa kuwaogesha watoto. Robo saa ya ndoo na kopo kila jioni, kwa mwezi mzima ni saa saba na nusu, na saa hizo hazimwibii mtu kitu kwa sababu watoto wangeoga tu. Ila ujue watoto hunasa kabla yako. Binti yangu aliamini kwamba mstari wa bezi ndio wimbo wenyewe, na alipoingia shule ya Jumapili akaimba ule ule, kwa nguvu zote, wenzake wanapanda yeye anashuka. Mwalimu wake aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba mtoto hana sikio. Sikio analo. Alikuwa anaimba bezi.

Wala usiziogope zile d, r, m (do, re, mi) za kwenye karatasi ya nota. Wengi wanaotoka makwaya ya kuimba kwa kusikiliza huziona kama hesabu. Kwa bezi, kazi kubwa ni kutoka d kushuka s na kurudi. Njia hiyo ukishaijua, nusu ya wimbo unayo. Palipo na mtego pigia mstari mwekundu, halafu karatasi itie kwenye faili la plastiki, maana nota na uji havikai meza moja.

Kama wewe na mwenzako nyote mnaimba, hapo ndipo pagumu. Mama watoto wangu ni sauti ya kwanza, tena ya kutegemewa. Mwaka wa kwanza tuliimba wote mkesha na wote asubuhi, mtoto akipokezanwa kati ya sauti ya kwanza na bezi kama sahani ya sadaka. Hatukuimba vizuri wala hatukulea vizuri. Baada ya hapo tukagawana: mmoja mkesha, mmoja asubuhi, na mwaka unaofuata tunabadilishana. Huyo asiyeimba ndiye mwenye watoto, na asijifanye anaimba kutoka kwenye benchi. Nasema hivi kwa sababu nimejaribu, na mtoto akafika hadi kwenye hori la Noeli akamchukua kondoo.

Kuhusu chakula sina mengi. Usije na biskuti za pakiti. Ule mlio wa karatasi, chini ya dari ile, ni kama mtu anavunja matawi. Andazi limefungwa kwenye kitambaa halina kelele. Sharbati acha nyumbani. Kisa chake nimeshakusimulia hapo juu.

Nguo ni jambo zito kuliko unavyodhani. Disemba hapa kaskazi inaanza na vuli haijamaliza kuaga, kwa hiyo joto na mvua vinakuja pamoja. Usimvalishe mtoto wa miaka mitatu suti yenye bitana eti ni sikukuu. Pamba nyepesi, fulana ndani, na kanga mbili kavu kwenye mkoba: moja ya kutandika, moja ya kufunika. Sare yako mwenyewe mpelekee fundi mapema, mwezi wa kumi na moja ukiweza. Ukikaribia tarehe 20 Disemba mafundi hawapokei simu, na ukimkuta kibandani atakuapia kwamba nguo iko kwenye pasi, kumbe hata kukatwa bado.

Utahitaji pia mtu wa kukushikia watoto Jumanne. Wageni kutoka Bara huwa wanazunguka kutafuta Mkristo mwenzao hadi mtaa wa tatu, na jirani yuko ukutani. Anayetushikia sisi ni bibi wa mlango wa pili, Mwislamu safi, ambaye watoto wangu wanamwita bibi na wanamwamkia kabla ya kunisalimia mimi. Wakati wa Idi tunaletewa sahani. Krismasi tunapeleka sisi. Kuku tunachinjiwa na mwanawe, hivyo hakuna anayeuliza swali. Mwaka mmoja nilimwambia naona haya kumsumbua kila wiki kwa mambo ya kanisani kwetu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso. "Mwanangu, mtoto hana kanisa wala msikiti akilala. Mlete, ila mlete ameshakula."

Mlete ameshakula. Shika hilo, hata kama jirani yako hatakwambia.

Nirudi kwenye Krismasi ile ya 2009, maana wengi wenu hamkuwapo. Tarehe 10 Disemba umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, Unguja nzima ikawa giza, na haukurudi mpaka mwezi wa tatu mwaka 2010. Pampu hazikufanya kazi, maji tulibeba kwa madumu, na nguo za mtoto zilifuliwa kwa kuhesabu. Kwaya yetu ilikuwa imejifunza kila kitu juu ya kinanda cha umeme. Wiki ya kwanza tulikaa tukitazamana. Mwalimu akasema basi, tutaimba kwa midomo, akatupa sauti kwa kuvumisha mdomo umefungwa: bezi kwanza, halafu sauti ya tatu, ya pili, ya kwanza. Tuliimba polepole kuliko tulivyozoea, na ndipo tukagundua tulikuwa tunakosea miaka yote. Dari ile inataka subira. Ukikimbia, neno la pili linalikanyaga la kwanza, na watu wa nyuma wanasikia mvumo tu. Ukitamka mwisho wa kila neno na kuacha nafasi, kanisa lenyewe linakuwa kinanda. Nilisoma nota kwa mshumaa mkono mmoja, mkono wa pili umeshikwa na mtoto, na nta ikinidondokea kidoleni. Hadi leo sijasikia Utukufu uliotushinda ule, hata baada ya kununua spika kubwa. Spika zenyewe, kwa maoni yangu, zingekaa stoo.

Na watoto wataanza kuuliza maswali ya mahali. Wa kwetu wa pili, akiwa na miaka mitano, aliona wageni wanapiga picha duara la marumaru mbele ya altare akataka kujua kuna nini. Nilitaka kumpa jibu la kumnyamazisha, nikashindwa. Nikamwambia hapa palikuwa soko, na vilivyouzwa ni watu, hata watoto wa kimo chake. Na kwamba panasimuliwa kuwa altare imewekwa pale uliposimama mti wa kuwachapia. Soko lilifungwa mwaka 1873, na sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa hili. Ibada ya kwanza ndani yake ilikuwa Krismasi ya 1877, wakati Askofu Steere aliyelijenga, ambaye sasa amelala nyuma ya altare, bado anahangaika na dari ambayo watu walisema itaanguka. Mtoto alifikiri kidogo akauliza, "Na wao waliimba?" Nikasema nadhani waliimba. Mwaka ule alisimama na watoto wa kanisa, akaimba beti zote tatu bila kujikuna, jambo ambalo hajalirudia tangu hapo. Kwa hiyo usiwafiche. Chagua maneno, lakini usiwafiche.

Usafiri wa mkesha upange mchana. Misa ikitoka daladala zimeshalala, na bodaboda na watoto wawili waliolala si usafiri, ni kuomba msiba. Sisi tunachangishana familia tatu tunakodi gari moja, anayeishi mbali zaidi anakaa mbele na hela.

Jambo la mwisho ni la Alhamisi. Tunaanza saa kumi na moja ili tumalize kabla ya magharibi. Adhana ikilia tukiwa bado, tunanyamaza mpaka iishe, ndipo tunaendelea. Watoto wanalala nyuma ya bezi, kwa sababu bezi hatuchezi tukiimba, hatutawakanyaga. Njoo na mkeka wako, wetu umeshajaa.