Kabla Hujaitupa Sensa ya Taa ya Nje

Taa ya LED ya nje iliyofungwa na sensa ya mwendo ikianza vituko, kitu cha kwanza ambacho watu hufanya ni kununua sensa nyingine. Nimefungua nyingi za namna hii, za kwangu na za majirani, na mara kwa mara nimekuta sensa iliyokwisha kuhukumiwa ni nzima kabisa. Kisichopatana ni sensa ile na taa ile. Kwa hiyo, kabla hujatoa hela, tafuta kwanza mgonjwa ni nani.

Kipimo chake ni rahisi. Zima umeme kwenye breka, si kwenye swichi ya ukutani tu, kisha hakikisha kwa mita kwamba nyaya zimekufa kweli. Testa ya bisibisi usiitegemee hapa: inaweza kuwaka kwa umeme hafifu unaorukia tu kutoka waya wa jirani. Ondoa LED, na mahali pake funga kwa muda holda yenye balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 40 au 60. Rudisha umeme, subiri dakika moja hivi sensa itulie, kisha pita mbele yake. Balbu ikiwaka na kuzima kwa utaratibu, sensa ni nzima na ugomvi uko kwenye LED. Vituko vikiendelea vilevile, tafuta kwenye sensa, nyaya zake, au mahali ilipofungwa.

Ugomvi wa LED ninaokutana nao zaidi ni wa sensa za waya mbili. Hizi hazina nyutro yao, yaani waya wa kurudisha umeme. Ili zibaki macho wakati taa imezimwa, hupitisha umeme kidogo ndani ya taa yenyewe. Balbu ya nyuzi huupitisha bila hata kung'aa, lakini LED inahitaji umeme mdogo mno kuwaka. Umeme ule hujaa polepole kwenye kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme) ya draiva yake, yaani sakiti inayoilisha LED umeme; ukitosha taa inamweka, inazima, halafu unaanza kujaa upya. Ndiyo maana unaona taa ikimwekamweka, au ikibaki na mwanga hafifu usiku kucha. Dawa ya kudumu ni sensa ya waya tatu: waya wa moto (wenye umeme) unaoingia, nyutro, na waya wa moto unaotoka kwenda kwenye taa. Kama nyutro haifikiki pale, zipo kapasita maalumu zinazouzwa kwa kazi hii, hufungwa sambamba na taa, kwenye nyaya zake zilezile mbili, ili umeme ule upate njia nyingine. Usiokote kapasita yoyote tu kwenye redio mbovu. Inayokaa kwenye umeme wa nyumba lazima iwe imetengenezwa kwa ajili hiyo, na ikishindwa isiwashe moto.

Sensa ya waya tatu nayo ina ugonjwa wake: taa inawaka na haizimi tena. Ndani kuna relei, swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, na LED inapowashwa hufyonza umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua, mara nyingi zaidi ya ule inaotumia ikishawaka. Baada ya muda midomo ya relei huungua na kushikamana. Ukigonga kasha kidogo na taa ikazima, umepata jibu. Hapo kweli sensa imekwisha, ila usirudie kosa lililoiua. Soma kwenye kasha wati zinazoruhusiwa kwa LED. Huwa ni chache sana kuliko zile za balbu ya nyuzi zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Taa zikiwa nyingi, sensa iendeshe kontakta (relei kubwa ya mizigo mizito), na kontakta ndiyo ibebe taa.

Kuwaka na kuzima bila kukoma mara nyingi hakutokani na ubovu wowote. Mwanga wa taa unaliangukia jicho la sensa, pengine kwa kurudi kutoka ukuta mweupe, sensa inadhani kumekucha na kuzima, giza likirudi inashtuka na kuwasha tena. Igeuze au isogeze mbali na taa.

Ukipima, weka kwanza kirekebishi cha LUX (kiwango cha mwanga) kwenye alama ya jua ili ifanye kazi hata mchana, TIME (muda wa taa kubaki inawaka) kwenye muda mfupi kabisa, na SENS (wepesi wa kuhisi) katikati. Taa inayokataa kuwaka mchana wakati LUX iko kwenye alama ya mwezi haina kasoro, inatii amri. Angalia pia swichi ya ukutani: kwenye baadhi ya sensa, kuizima na kuiwasha harakaharaka huifungia taa ibaki inawaka.

Kuhusu mahali, watu wengi hawajui kwamba sensa hii haioni mwendo. Inahisi joto likihama kutoka kipande kimoja cha eneo lake kwenda kingine. Anayekatiza mbele yake anaonekana mapema; anayeijia moja kwa moja anaweza kuifikia karibu kabisa kabla haijashtuka. Ifunge basi ili njia ipite ubavuni mwake, kwa urefu wa mita 2 hadi 2.5. Siku hewa ikiwa na joto linalokaribia la mwili, uwezo wake hupungua, wala hujaharibu kitu. Haioni kupitia kioo cha dirisha. Na ikijiwasha ovyo, safisha utando wa buibui kwenye lenzi kabla ya kufanya jambo lolote jingine, kisha tazama matawi na matundu ya hewa ya moto.

Yakibaki matatizo baada ya mvua tu, fungua kasha. Ukikuta ukungu wa kijani kwenye viungo, kata nyaya mpaka ufike kwenye shaba safi, funga upya kwa viunganishi visivyopitisha maji, na tundu la waya liangalie chini, waya ukining'inia kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondokee nje.