Shuka langu la manjano limegeuka jekundu

SWALI: Nilichemsha shuka jeupe la pamba kwa unga wa manjano, likapendeza sana. Nilipolifua kwa sabuni likaota mabaka mekundu, na sasa limepauka kwa jua. Nilitia chumvi na siki kama nilivyoelekezwa. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Kitambaa changu cha meza kilinifanyia mchezo huohuo, nami nikadhani kimeingia damu! Manjano hugeuka nyekundu ikikutana na sabuni au magadi. Suuza kwa maji yenye siki kidogo, unjano utarudi. Kupauka ndiko hakuna dawa; rangi hiyo haivumilii jua.

Chumvi isahau. Siki husaidia sufu na hariri, ila pamba inataka shabu, yale madini meupe ya kushikisha rangi: gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu. Fua shuka kwanza litoke wanga na mafuta, kisha liloweke usiku kucha katika maji moto uliyoyeyushia shabu.

Mimi siku hizi natumia maganda makavu ya vitunguu maji. Nayachemsha saa moja, nachuja, natumbukiza kitambaa kikiwa bado kibichi, nakipika kwa moto mdogo saa nyingine na kukiacha kipoe humohumo hadi asubuhi. Kinatoka rangi ya dhahabu iliyokolea. Sufuria iwe kubwa, ukigeuzageuza. Kikibanana kinatoka madoa. Na sufuria hiyo usiitumie tena kupikia chakula.

Anika kivulini. Kama shuka lina poliesta nyingi, usijisumbue.