Kopo la dawa la mama na rekodi ya Chicago

Jioni ya tarehe 13 Oktoba 2024 tulikuwa tumebanana ndani ya hoteli moja ndogo hapa Iten, macho kwenye runinga, chai ikipoa mezani. Ruth Chepngetich alipokata utepe kule Chicago kwa saa 2:09:56, mzee mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni alivua kofia. Kabla ya siku hiyo hakuna mwanamke aliyewahi kukimbia marathon chini ya saa 2 na dakika 10. Rekodi ya Tigist Assefa wa Ethiopia, 2:11:53, iliyowekwa Berlin mwaka 2023, ilikuwa imepunguzwa kwa karibu dakika mbili nzima.

Kwenye mkutano na wanahabari, mmoja wao alimuuliza waziwazi atawaambia nini wanaodhani muda ule hauwezekani bila pufya, yaani dawa zilizokatazwa michezoni. Alijibu kwamba watu lazima waongee. Hapa nyumbani tulipandwa na hasira. Mimi binafsi niliandika ujumbe mrefu kwenye kundi letu la WhatsApp la wakimbiaji wa zamani, nikawaita wenye shaka wenye wivu na wengine majina ambayo siwezi kuyarudia hapa. Julai 2025 ilipotangazwa kwamba Chepngetich amesimamishwa kwa muda kwa tuhuma za pufya, nilirudi kuufuta ujumbe ule. Haukufutika, ulikuwa umekaa mno. Bado upo, na kuna mwenzangu mmoja anapenda kuunukuu.

Naandika haya kwa vijana wa kambini na kwa wazazi wao. Mimi sikuwahi kuwa bingwa. Nilikuwa mwekaji kasi, yule anayewavuta wakubwa hadi kilomita ya 25 au 30, kisha anaondoka barabarani na kutafuta blanketi. Ila nilikaribia kuharibu jina langu dogo kwa uzembe ule ule ninaouona kila siku katika vyumba vya wanariadha.

Ilikuwa 2022. Nyonga iliniuma wiki nzima, na safari ya mashindano ilikuwa imebaki wiki tano. Nikaenda kliniki moja, nikadungwa sindano ya takoni, nikaambiwa ni ya kushusha uvimbe tu. Sikuuliza jina. Siku ya tatu nilikuwa nakimbia kama ndama, na hilo ndilo lililonitisha. Nilimpigia rafiki aliyewahi kuhudhuria mafunzo ya ADAK, shirika la Kenya la kupambana na pufya, naye akaniuliza swali moja: "Kwenye kichupa palikuwa pameandikwa nini?" Ikabidi nirudi kliniki kuomba wanionyeshe boksi. Triamcinolone. Dawa halali kabisa kwa mkulima mwenye maumivu ya nyonga, lakini kwa mkimbiaji sindano ya aina hiyo ya misuli imekatazwa siku ya mashindano, na mabaki yake yanaweza kukaa mwilini hadi siku 60. Mimi nilikuwa na siku 35. Nilijitoa, nikapoteza malipo ambayo tayari nilikuwa nimeyapangia karo. Mke wangu hakufurahi, na sikuwa na la kumjibu, maana kosa halikuwa la muuguzi. Yeye alinitibu kama mgonjwa mwingine yeyote. Hata sikumwambia kwamba mimi ni mkimbiaji.

Kwa hiyo kesi ya Chepngetich ilipotoka, niliisoma kwa jicho la mtu aliyewahi kuponea chupuchupu. Sampuli yake ya mkojo ya tarehe 14 Machi 2025 ilikutwa na hydrochlorothiazide. Ukisikia jina unaogopa, lakini huenda iko nyumbani kwenu. Ni kidonge cha presha cha kawaida; kinamfanya mtu akojoe sana, na kwa sababu hiyo kimekatazwa kwa wanariadha wakati wote, kwani kinaweza kuficha dawa nyingine. Mama yangu anakimeza kila asubuhi. Kiwango ambacho maabara inalazimika kuripoti ni nanogramu 20 kwa mililita. Chake kilikuwa 3,800.

Mwanzoni alisema hajui kimeingiaje. Baadaye, Julai, akasema amekumbuka kwamba siku mbili kabla ya kipimo aliugua, akameza dawa za msaidizi wake wa nyumbani bila kuangalia ni za nini. Kitengo cha Uadilifu wa Riadha, AIU, hakikuishiwa na shaka juu ya maelezo hayo. Zaidi ya hapo, kikasema hata yakichukuliwa kama yalivyo, kumeza kitu usichokijua ukiwa mwanariadha wa ngazi ile ni kujitosa. Adhabu ya kawaida ya dawa hiyo ni miaka miwili. Yake ilipanda hadi minne, ikapunguzwa mmoja kwa kukiri mapema, ikawa mitatu. Rekodi ya Chicago imebaki, kwa kuwa iliwekwa kabla ya sampuli hiyo. AIU kilisema pia kitaendelea kuchunguza mambo yaliyokutwa kwenye simu yake.

Watu huniuliza: basi ile 2:09:56 ni ya kweli au si ya kweli? Ninachoweza kusema ni kwamba hakuna sampuli ya Chicago iliyotangazwa kuwa na kosa, na kwamba shaka haihitaji sampuli ili iendelee kuishi. Hayo mawili yote ni kweli kwa pamoja na inabidi uyabebe hivyo hivyo. Mwanariadha hawezi kuchagua siku ambayo watu wataanza kumshuku. Anachoweza kuchagua ni kama siku hiyo atakuwa na daftari au hatakuwa nalo.

Nasema daftari la karatasi, la shilingi hamsini. Kila unachomeza, unachodungwa au kupaka, andika tarehe, jina kamili lililo kwenye pakiti, aliyekupa na ulikuwa unaumwa nini. Piga picha ya pakiti. Ukipimwa, kwenye fomu utaulizwa dawa ulizotumia siku saba zilizopita, na nimewaona vijana wakikuna kichwa pale, wakiandika "Panadol" kwa sababu ndilo jina pekee walilolikumbuka. Kliniki, sema kabla hujaketi: mimi ni mwanariadha, napimwa. Kama dawa iliyokatazwa ndiyo pekee itakayokutibu, kuna kibali cha tiba kinachoombwa, na huombwa mapema. Kuna pia sindano ambayo mtu wa pembeni anakuletea hadi kambini akisema ni vitamini. Huyo mfukuze, hata akiwa binamu yako.

Na nyumbani, tafadhali. Kwetu dawa zote zilikaa kwenye kopo moja la Kimbo: za presha za mama, za minyoo za watoto, za kichwa, na vidonge vyeupe visivyo na pakiti ambavyo hakuna aliyekumbuka vilitoka wapi. Mgeni akisema anaumwa, kopo linafunguliwa, na hiyo ndiyo huruma ya nyumba zetu. Mkimbiaji awe na mfuko wake, wenye zipu, na mkono wake usiguse kopo hilo.

Kuhusu taarifa za mahali ulipo, walio kwenye orodha ya kupimwa wanajua: saa moja kila siku, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku, lazima upatikane pale ulipoandika. Ukikosa mara tatu ndani ya miezi 12, ni sawa na kukutwa na hatia, hata kama damu yako ni safi kama maji ya chemchemi. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathon, alifungiwa miaka minne mwaka 2020 kwa namna hiyo, na pia kwa sababu alipojitetea alileta picha ya lori lililopinduka, kumbe ajali ile ilitokea miezi kadhaa baada ya siku aliyokosekana. Jemima Sumgong naye, Mkenya wa kwanza mwanamke kushinda marathon ya Olimpiki, Rio 2016, alikutwa mwaka uliofuata na EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, akapewa miaka minne. Ilipogundulika kwamba hati za hospitali alizotoa zilikuwa za uongo, ikawa minane. Nilivyoelewa mimi, kosa la kwanza bado linaweza kuzungumzwa. Uongo ukiongezwa juu yake, hakuna tena anayekusikiliza.

Tunapolia jina la bingwa aliyeanguka, kuna mtu tunamsahau kabisa. Rita Jeptoo wa Kenya alishinda marathon ya Boston 2014. Sampuli yake ya mwaka huo huo ilikutwa na EPO, na mwishowe ushindi ule ukafutwa. Nyuma yake siku ile alikuwa Buzunesh Deba wa Ethiopia, kwa saa 2:19:59, muda ambao kumbe ulikuwa rekodi ya njia ya Boston. Alitambuliwa mshindi miaka miwili baadaye, na ilipofika 2024 alikuwa bado hajalipwa zawadi ya mshindi, hadi shabiki mmoja alipotoa dola 75,000 mfukoni mwake. Hakuna aliyempigia wimbo wa taifa pale Boylston Street, mtaa wa kumalizia mbio hizo. Siku hizi kabla sijamtetea bingwa wangu kwenye WhatsApp, humwaza kwanza aliyemaliza wa pili.

Juzi saa nne usiku binti mmoja wa kambini, wa mbio za mita 5,000, alinitumia picha ya pakiti ya dawa ya mafua aliyopewa na shangazi yake. Herufi zilikuwa ndogo na picha ilitikisika. Nilimjibu: "Usimeze bado. Piga nyingine, karibu na taa."