Muulize Fundi: Swichi ya gari kwenye mashine ya boti

SWALI: Asalaam aleikum, Fundi. Nabeba abiria kati ya Mokowe na Lamu kwa boti ya fiba, mashine Yamaha ya farasi 40. Ilikuwa ikizimika yenyewe nikipiga wimbi. Stata yazunguka lakini haiwaki, mpaka niuchezeechezee ufunguo. Fundi umeme wa magari akanifungia swichi ya gari. Sasa haizimiki njiani, ila hata nikifunga ufunguo haizimi. Nachomoa mpira wa mafuta nangoja. — Nahodha, Mokowe

JIBU: Waaleikum salaam, Nahodha. Kabla ya yote, washa mashine ikiwa gatini, boti imefungwa, uvute ile kamba nyekundu ya usalama. Isipozima, usibebe mtu. Ukianguka majini boti itazunguka ikurudie na panga boi likizunguka.

Swichi ya gari huzima kwa kukata umeme. Ya boti hufanya kinyume: ukifunga ufunguo, waya mweupe hugusana na mweusi, yaani ethi, na cheche hufa. Fundi wako bila shaka aliuona mweupe hauna pa kukaa akauacha wazi. Shukuru hakuuunganisha na mwekundu wa betri. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nikaiunguza CDI ya mtu, kile kisanduku kinachotoa umeme wa cheche, nikailipa kwa miezi.

Kwa kuwa mashine haizimiki yenyewe njiani tena tangu mweupe uachwe, nashuku swichi ya zamani kuliko CDI. Kama hukuitupa, ipime kwa mita ya umeme iliyowekwa kwenye mlio (hulia waya mbili zikigusana), ikiwa nje ya boti. Kwenye kuzima, mweupe na mweusi walie. Kwenye kuwasha wanyamaze, na mwekundu ushikane na manjano. Ukizungusha hadi stata, kahawia nao uingie. Sasa acha ufunguo kwenye kuwasha, uutikise kwa nguvu jinsi wimbi linavyoitikisa boti. Mita ikilia hata mara moja kati ya mweupe na mweusi, umempata mwizi wako: chumvi imeingia ndani. Nunua swichi ya boti yenye rangi hizohizo, usijaribu kuifungua na kuisugua.

Ikinyamaza kabisa, fuata waya mweupe hadi kwenye swichi ya kamba, ukitazama unapopita kwenye kingo za fiba, maana hapo ganda hulika.

Unapofunga mpya, toa kwanza waya hasi wa betri. Ukichuna waya ukakuta shaba nyeusi, endelea kukata mpaka ing'ae. Usisokote na kufunga tepu. Maji ya chumvi hupanda ndani ya waya kama mafuta kwenye utambi. Bana kwa terminali, kisha vika mpira unaojibana ukipashwa moto.

Ukimaliza, rudia ule mtihani wa kamba, mara tatu, huku mashine ikinguruma.