Rangi za mabomba zinapotelea wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Mwanza, nachora kwa AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, katika ofisi ndogo ya wasanifu majengo. Mteja anajenga nyumba ya wageni na ameomba mchoro wa mabomba wenye rangi, ili amwonyeshe fundi wake kwenye simu: maji baridi buluu, ya moto nyekundu, majitaka kahawia. Kwenye skrini rangi zote zipo. Nikitoa PDF, kila kitu kinakuwa cheusi, isipokuwa masinki niliyoyapakua kutoka tovuti ya kiwanda. Hayo yanatoka zambarau! Bosi anasema kompyuta imechoka. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kompyuta iacheni ipumzike, haina kosa. Na hayo masinki uliyoyataja kama kichekesho ndiyo yaliyonionyesha tatizo lilipo.

Kabla mchoro haujawa PDF, hupita kwenye faili dogo linaloishia na .ctb. Faili hilo linazijua rangi 255 tu, zile za namba: 1 nyekundu, 2 njano, 3 kijani, na kuendelea. Kwa kila namba limepangiwa mstari utoke kwa rangi gani na unene gani. Ofisi yenu bila shaka inatumia monochrome.ctb, au jingine lililotengenezwa kwa mfano wake, na humo namba zote zimeamriwa zitoke nyeusi. Masinki ya kiwandani yamepakwa rangi zisizo na namba, zile za kuchanganya vipimo vya nyekundu, kijani na buluu. Hayo .ctb haina amri juu yake, ndiyo maana yamepita na zambarau yao.

Sisi tuliotokea kwenye kalamu za Rotring na karatasi ya tresingi hatushangai. AutoCAD ilitoka mwaka 1982, enzi za plota zilizoshika kalamu halisi na kuzikokota juu ya karatasi. Rangi ya skrini ilikuwa njia ya kuiambia plota ichukue kalamu ipi: nyekundu pengine ile nyembamba, njano ile nene, na wino mweusi kwenye zote. Kalamu zimeondoka, desturi imebaki. Zipo ofisi hadi leo zinazochora kuta kwa njano, na hakuna hata mmoja pale anayetaka ukuta wa njano.

Sasa tuingie kazini. Andika PLOT, chagua DWG To PDF.pc3, kisha tazama juu upande wa kulia ilipo orodha ya mafaili ya .ctb. Usipoiona, bofya kimshale cha chini kabisa kulia, dirisha litapanuka. Wengi watakwambia uchague acad.ctb na umalize. Rangi zitatoka, sikatai, lakini utalia na unene. Faili hilo huchukua unene uliowekwa kwenye leya, yaani matabaka ya mchoro, na ofisi iliyozoea kupanga unene kwa .ctb mara nyingi haijaweka kitu kwenye leya. Utapata ukuta, bomba na mistari ya vigae vyote milimita 0.25, mchoro umelala bapa kama chapati.

Mimi ningechukua faili hilohilo la ofisi. Lifungue kwa kitufe cha kuhariri kilicho kando ya jina lake, na kabla hujagusa chochote lihifadhi kwa jina jipya, tuseme mabomba-rangi.ctb, ili wenzako wasije kuprinti michoro ya kuombea kibali ikatoka na marangirangi. Kisha chagua namba za mabomba tu. Pale palipoandikwa Black, weka Use object color. Unene usiuguse. Kuta na milango ziache nyeusi, au zipe kijivu, mabomba yajitokeze. Mchoro uliopakwa rangi kila mahali ni mgumu kusoma kuliko ule usio na rangi kabisa, na wateja wanaupenda mpaka siku fundi anapoufungua saiti.

Hukusema majitaka umeyachora kwa namba ipi. Ikiwa ni 2, ujue njano inayong'aa kwenye skrini nyeusi haionekani kwenye karatasi nyeupe. Usibadilishe leya, humohumo kwenye .ctb agiza namba 2 itoke kahawia iliyoiva. Wewe utaendelea kuona njano, mteja ataona kahawia.

Kumbuka pia kwamba kila leyauti, yaani ukurasa wa kuprintia, ina mpangilio wake. Ukirekebisha ya ghorofa ya chini, ya juu itaendelea kutoka nyeusi. Hifadhi mpangilio kwa jina kupitia PAGESETUP, kisha uupe leyauti zote.

Na huyo fundi siku moja atapeleka PDF steshenari wamprintie nyeusi na nyeupe, kwa sababu ni bei nafuu. Buluu na nyekundu zitageuka kijivu kisichotofautiana. Maji ya moto yape mstari wa vipande, na uandike jina la bomba juu ya mstari wenyewe.

SWALI: Bustani nimeipaka kijani chepesi kinachoonyesha miti iliyo chini yake. Kwenye PDF kijani kinatoka kizito na kufunika miti. Msomaji, Mombasa.

JIBU: Kwenye dirisha la kuploti kuna kisanduku cha Plot transparency, na kwa kawaida hakina alama. Ukikiweka alama miti itaonekana, ila mistari inageuzwa kuwa picha: faili linavimba, na ukiikuza kwenye simu inatoka na ukungu. Kwa bustani sioni sababu ya kulipa gharama hiyo. Ondoa huo wepesi, tumia HATCHTOBACK kusukuma kijani nyuma ya mistari yote, halafu kwenye .ctb punguza Screening, yaani ukolezo wa rangi, ya namba hiyo kutoka 100 hadi 30 hivi.