Swali la lugha: "Mnyororo wa ulinzi" wa hati ndio nini?

*Jambo mwalimu. Mimi ni sekretere katika kampuni ya kusafirisha shaba hapa Lubumbashi. Mikataba tunaisaini kwa kompyuta na kuituma Dar es Salaam. Wenzetu wa kule sasa wanadai "mnyororo wa ulinzi" wa kila hati. Shefu ameniuliza kama wanataka tuajiri askari. Hicho ni Kiswahili sawa? Na mimi niandike nini?*

Shefu wako ana haki ya kucheka, dada. Mnyororo wenyewe hauna ubaya. Mnyororo wa thamani na mnyororo wa ugavi tumeshavizoea. Kinachokwamisha ni "ulinzi", neno linalomleta askari getini. Wenzako wanataka kujua tu hati ilikuwa kwa nani, akampa nani, lini, na kama iliguswa njiani.

Kwa hilo tuna kitenzi cha siku nyingi: kukabidhi. Anayehamishwa ofisi hufanya makabidhiano, na mzigo ukifika mpakani Kasumbalesa makaratasi yake hukabidhiwa. Mimi ningeandika "mfuatano wa makabidhiano", na ile orodha yenyewe ningeiita "kumbukumbu ya makabidhiano".

Lakini karatasi ukiikabidhi, hutabaki nayo. Faili ukilituma, bado unalo, na mwenzako analo. Ndiyo maana kumbukumbu yako inahitaji pia hashi, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili. Kwa njia iitwayo SHA-256, programu hutoa herufi na tarakimu 64. Futa mkato mmoja tu kwenye mkataba, zinatoka nyingine kabisa. Saini ya kielektroniki iliyofanywa vizuri hufungwa kwenye hashi hiyo, hivyo hati ikichezewa baada ya kusainiwa, programu itaonyesha. Picha ya saini iliyoskaniwa na kubandikwa kwenye PDF haina uwezo huo, hata ikipendeza namna gani. Usiiandike kuwa ni kitu kilekile, hasa sasa ambapo Kanuni ya Dijitali ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inatambua saini za kielektroniki na mkataba wako unaweza kufika mbele ya hakimu.

Hukuniuliza kuhusu sarufi, lakini ndipo penye hatari zaidi. Tazama sentensi hii: "Hati imesainiwa na kutumwa." Mwalimu yeyote ataipa alama zote. Kwenye kumbukumbu haifai kitu, maana kauli ya kutendwa imemficha mtu, na *-me-* inatueleza hali ya hati bila kutaja saa. Mrudishe mtu mbele na utumie *-li-*: "Mkurugenzi alisaini 10:20. Sekretere alituma 10:24 kwa wakala wa Dar es Salaam."

Saa ziandike hivyo hivyo kwa tarakimu. "Saa nne na dakika ishirini" tunaielewa sisi, ila mkaguzi asiyehesabu saa kwa Kiswahili ataisoma 4:20. Tena taja ni saa za wapi. Lubumbashi ikiwa 10:24, Dar es Salaam ni 11:24 na Kinshasa ni 9:24. Usipotaja, nakala uliyotuma Kinshasa itaonekana imepokewa kabla mkurugenzi hajasaini, na maelezo yake hayatakuwa mafupi.

"Saini" au "sahihi"? Yote mawili ni Kiswahili fasaha. Kwenye kazi hii chagua "saini", kwa sababu "sahihi ya hati" na "hati sahihi" vikikaa ukurasa mmoja msomaji atachanganyikiwa: hati ina jina la mtu chini, au haina kosa? "Kusinye" yetu ya hapa, yaani kusaini, iache kwenye barua za Dar es Salaam, hawataifahamu. Shefu mwandikie tu "tulishasinye". Atakujibu upesi zaidi.